Ua la moto likae bustanini, lisiingie jikoni



Mvua zikianza kunyesha, vichaka vyetu vya Karagwe na Kyerwa hutoa maua ya kila aina. Liko ua moja linalopita mengine kwa uzuri. Lina petali 6, yaani majani ya ua, zilizopinda kwenda juu kama ndimi za moto. Kingo zake zina mawimbi. Mwanzoni huwa na rangi ya kijani na manjano, halafu hugeuka kuwa jekundu. Wataalamu wa mimea huliita Gloriosa superba. Katika makala hii tutaliita ua la moto.

Mtu akilipenda hulichimba na kulipanda karibu na nyumba. Je, anafanya vibaya? Wako wanaosema ling'olewe lote kwa sababu lina sumu. Wako wanaosema ni dawa, kwa hiyo litumike. Mimi sikubaliani na upande wowote. Maoni yangu ni haya: ua hili lina nafasi bustanini, lakini halina nafasi jikoni wala katika dawa za nyumbani. Na anayelipanda ana wajibu wa kulijua.

LIJUE KWANZA

Ua la moto ni mmea wetu wa asili. Hakuna mgeni aliyetuletea. Huota katika sehemu nyingi za Afrika na pia Asia. Nchi ya Zimbabwe imelifanya kuwa ua lake la taifa. Huko Tamil Nadu, India, wakulima hulipanda shambani na kuuza mbegu zake kwa viwanda vya dawa.

Mmea huu hutambaa. Jani lake ni refu na jembamba, na ncha yake hujikunja kama ndoano. Kwa ndoano hizo mmea hushika miti na kupanda juu. Chini ya ardhi una kiazi. Kiangazi kikija, shina na majani hukauka yakaisha. Kiazi hubaki hai udongoni. Mvua ikirudi, kiazi huchipua tena. Ndiyo maana ua hili huonekana mwaka baada ya mwaka bila kupandwa upya.

Hapo ndipo hatari ilipo. Viazi vikuu navyo hutambaa. Navyo hukauka majani, tukavichimba. Wakati huo jembe likikutana na kiazi cha ua la moto, hakuna jani la kukuonya. Mtoto aliyetumwa kuchimba viazi atajuaje?

SUMU YAKE

Sehemu zote za mmea huu zina sumu inayoitwa kolchisini. Iliyo nyingi zaidi imo katika kiazi na katika mbegu. Usitegemee kwamba kuchemsha kutaiondoa. Mbegu nazo ni nyekundu, na ganda likipasuka zinavutia macho ya watoto. Ng'ombe na mbuzi pia hudhurika wakila mmea huu.

Aliyekula haugui papo hapo. Huweza kukaa saa 2, saa 6, hata saa 12. Kisha huanza kutapika sana, kuumwa tumbo na kuharisha. Watu hudhani ni kipindupindu au chakula kilichochacha. Baadaye huweza kuonekana kama amepata nafuu, kumbe sumu inaendelea na kazi ndani. Hudhuru figo, ini, moyo na damu. Wengi wamekufa kwa sumu hii, hasa katika nchi za Asia kama Sri Lanka. Anayepona huweza kunyonyoka nywele baada ya wiki moja au mbili.

SI DAWA YA KUJIPIMIA

Wazee wetu, mimi ni kijana, nanyi mnaijua misitu kuliko mimi. Ni kweli kwamba kolchisini ni dawa. Hospitali huitumia kutibu jongo, ugonjwa unaovimbisha viungo, hasa kidole gumba cha mguu. Lakini tazameni kipimo chake. Kidonge kimoja huwa na nusu miligramu hivi. Chukua gramu moja ya chumvi, igawe mafungu 2,000. Fungu moja ndiyo nusu miligramu. Nani anaweza kupima hivyo kwa kijiko au kwa kiganja? Tena kiazi kimoja hakilingani na kingine kwa wingi wa sumu. Kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua pana nafasi ndogo sana.

Akina mama wajawazito wasikilize hasa. Katika nchi mbalimbali kiazi hiki kimetumiwa kuharakisha uchungu au kutoa mimba. Ni njia ya kumpoteza mama na mtoto pamoja. Mwenye uchungu apelekwe kwa mkunga wa zahanati. Mwenye shida ya mimba aje atueleze, tutamsikiliza na siri yake tutaitunza.

UKILIPANDA, FANYA HIVI

1. Chagua mahali penye jua na pasipotuama maji. Pawe mbali na viazi vikuu, viazi vitamu na mboga. Usilipande ndani ya kibanja katikati ya migomba, mahali mnapochimba chakula.

2. Laza kiazi chini ya udongo, kina cha vidole vinne hivi. Ncha inayochipua ni laini, isivunjike. Weka mti wa kupandia.

3. Vaa glavu au funga mikono kwa kitambaa unapokishika. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na osha jembe.

4. Zungushia mawe au vijiti visivyooza upesi. Alama hii ibaki kiangazi chote, majani yakiwa yamekwisha. Kazi hii ndiyo kubwa kuliko zote.

5. Kama nyumba ina watoto wadogo, kata maganda ya mbegu kabla hayajapasuka. Yatupe chooni.

6. Waoneshe watu wote wa nyumbani: jani, ua, mbegu na kiazi. Mgeni wa kazi naye aoneshwe.

Usiende kuchimba ua hili katika Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Ni kosa la sheria.

Na kanuni moja kwa kila jiko: usipike kiazi ambacho hukukipanda wewe, au ambacho hukuliona jani lake.

MTU AKILA

Usingoje atapike. Mpeleke zahanati mara moja, nasi tutampeleka mbele, kama vile Nyakahanga au Isingiro. Usimtapishe kwa nguvu, wala usipoteze muda kutafuta maziwa. Chukua kipande cha mmea au kiazi kilichobaki, mganga akione. Sema ukweli kuhusu saa aliyokula. Hakuna atakayekucheka. Saa za mwanzo ndizo zenye msaada mkubwa.

KWA NINI TUSILING'OE?

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kufyeka vichaka karibu na nyumba na kuchimba vyoo. Hilo bado ni jema. Lakini huwezi kufyeka vichaka vyote vya wilaya mbili. Hata ukiling'oa mbele ya nyumba yako, liko porini ambako watoto huchunga mbuzi na kuokota kuni. Mtoto aliyelelewa mahali ambapo ua hili limeng'olewa hatalijua. Mtoto aliyeoneshwa bustanini na kuambiwa, "Hili ni zuri kwa macho tu," atalitambua popote atakapokutana nalo.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hawakusema tuutupe mkakasi. Walitaka tujue kilichomo ndani.

Basi, ndugu msomaji, wiki hii zunguka nyumba yako. Ukiliona ua la moto, weka alama. Kisha msomee makala hii jirani asiyejua kusoma.