Tiketi ya Kuutazama Mji Ukifa

Ipo rai ninayoisikia mabarazani, na yalaiti ingekuwa ya wafanyabiashara peke yao, lakini naisikia hata kwa washairi ninaowaheshimu: kwamba miji yetu ya kale ingenusurika lau tungeiga wafanyavyo Wazungu katika vijiji vyao vya zama za kati. Weka lango, kata tiketi, panda maua, mambo yatatengenea. Mfano utajwao aghalabu ni Civita di Bagnoregio, kijiji cha Italia kilicho juu ya kilima, katika jimbo la Lazio, kaskazini ya Roma. Kilima hicho nimekipanda kwa miguu yangu, na rai hiyo naipinga.

Uzuri wake sikatai. Waetruski walikaa hapo kabla ya Warumi, na nyumba za mawe za zama za kati zingali zimesimama. Kijiji kimekalia bamba la mwamba mwepesi uliotokana na majivu ya volkano, na chini ya mwamba huo ni udongo wa mfinyanzi. Mvua na vijito viwili vya bondeni huula udongo, mwamba ukakosa pa kuegemea, ukameguka kipande baada ya kipande pamoja na nyumba zilizo juu yake. Nyumba ambamo yasemekana alizaliwa Mtakatifu Bonaventura, mwanachuoni mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, iliporomoka zamani. Mgeni hupita daraja la zege la mwaka 1965, refu kiasi cha mita 300, ambalo mwisho wake hupanda kwa ukali hata mtu wa visiwani kama mimi husimama mara mbili kutafuta pumzi. Kisha huingia kwa lango lililochongwa mwambani, akatokea uwanjani mbele ya kanisa la San Donato. Paka, vyungu vya maua, na kimya.

Kimya hicho ndicho kinachowalevya wenzangu. Nami nawauliza: ni kimya cha nani? Wakaazi wa kudumu wa pale ni kama kumi tu. Tetemeko la mwaka 1695 liliuvunja mji, askofu na watawala wakahamia Bagnoregio, ng'ambo ya bonde, na watu wakawafuata kizazi baada ya kizazi. Nilipokuwa pale sikusikia mtoto akiitwa na mamaye. Nilimwona bibi mmoja akianua nguo, na mgeni mmoja akimwashiria kwa mkono asogee, kamba ya nguo isije ikaiharibu picha yake. Bibi akasogea, pengine kwa mazoea.

Mwandishi Bonaventura Tecchi, mzaliwa wa Bagnoregio aliyefariki mwaka 1968, ndiye anayetajwa kuwa aliyeupa mji huo jina la mji unaokufa. Jina hilo ni kilio cha mtoto juu ya mzazi wake. Siku hizi limekuwa tangazo la biashara: njooni upesi kabla haujaanguka!

Tangu mwaka 2013 mgeni hulipa kiingilio. Kilianza kwa yuro moja na nusu, kikapanda hadi yuro tano, na wageni wakazidi kuongezeka badala ya kupungua, mamia ya maelfu kwa mwaka. Haki isemwe: fedha hizo zimeifaa halmashauri, hata ikaweza kuwaondolea wananchi kodi za mji, na ng'ambo ya daraja watu wamepata kazi. Anayebeza riziki ya watu si mwenzangu. Lakini tuone tiketi imeokoa nini. Imeokoa kuta, na kwa hilo shukrani. Watu haikuwarudisha. Nyumba nyingi zimekuwa za kulala wageni au za wenye mali wajao siku za mapumziko, na mapango ya kale ya kukamulia zaituni yamekuwa mahali pa kuuzia chakula.

Sisi watunzi tuna sehemu yetu ya lawama. Tumejifunza kuyapenda magofu kupita kiasi, tukidhani tunafuata nyayo za Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Sivyo hata kidogo. Al-Inkishafi inaililia Pate kwa sababu kulikuwa na watu Pate, na inaihutubia nafsi ili izinduke. Hakuna ubeti ndani yake unaomkaribisha mgeni aje aburudike na popo waliomo darini.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu, na kila mmoja wetu alishika kalamu kuiomboleza nguzo. Ni wangapi walioandika beti mbili juu ya familia zinazohama vichochoro vile vile, chumba kwa chumba, kwa kuwa kodi ya nyumba imewashinda na jirani amegeuka hoteli? Hilo nalo ni poromoko, ila halina vumbi. Wanaotaka lango na tiketi kwetu waanze basi kwa kutueleza muuza kahawa atapita wapi, chuo cha watoto kitabaki mtaa gani, na bibi yetu ataanika wapi kanga zake.