Bukavu: Msitu wa Kahuzi hautalindwa na watu waliofungiwa njia zake

Kutoka Bukavu hadi Tshivanga, kwenye lango la mbuga ya Kahuzi-Biega, ni kilomita 30 hivi. Hata hivyo watoto wengi wa Kadutu na Bagira wanamaliza shule bila kukanyaga njia hata moja ya mbuga hiyo. Mlima Kahuzi una mita 3,308, una misitu ya mianzi, na gorila wake wamejulikana hadi Ulaya na Marekani. Lakini hapa Bukavu, gorila ni picha ya ukutani.

Na kila mara habari inapotoka kwamba miti imekatwa, wa kwanza kunyooshewa kidole ni raia. Eti hapendi mazingira, eti hana elimu, eti wakimbizi wamemaliza msitu. Lawama hiyo ni rahisi, na si ya haki. Mtu hawezi kuambiwa alinde nyumba ambayo hajawahi kufunguliwa mlango.

Tuanzie kwenye ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Mbuga iliundwa tarehe 30 Novemba 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hadi karibu 6,000. Ndani ya msitu ule waliishi Batwa. Ndio waliojua njia za wanyama, miti ya dawa na mahali gorila wanapolala. Mbelgiji Adrien Deschryver, ambaye jina lake linatajwa kila historia ya mbuga inaposimuliwa, aliwafikia gorila kwa kuwafuata Batwa nyuma. Utalii wote wa Kahuzi ulijengwa juu ya ujuzi wao. Malipo yao yalikuwa nini? Walifukuzwa kwa maelfu, bila ardhi nyingine na bila fidia, wakabaki kuomba vibarua katika mashamba ya wengine pembeni mwa msitu wa babu zao.

Mwaka 1980 UNESCO iliiandika mbuga hii katika urithi wa dunia, na mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Dunia ilipata urithi, na wenye urithi wakapata umaskini. Julai 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu: serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, inapaswa kuwaomba radhi hadharani, kuwalipa fidia na kuwarudishia ardhi yao. Hata sheria ya nchi ya Julai 2022 inalinda haki za watu hao. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni utashi.

Sasa tuje kwa familia zilizokimbia vita. Mwaka 1994, kambi za wakimbizi kutoka Rwanda ziliwekwa Inera na Kashusha, karibu kabisa na mbuga. Watu walihitaji kuni za kupikia, na msitu ulikuwa jirani. Nani alipanga kambi mahali pale? Si mama aliyekuwa na sufuria na watoto wenye njaa. Tangu vita vilipofika Bukavu Februari 2025, familia nyingi tena ziko njiani au kwa ndugu, na bado zinapika kila siku. Kumlaumu mama huyo kwa kipande cha mti, huku magunia ya makala yakishuka kila siku hadi mbabula za Bukavu, ni kukwepa wakubwa. Biashara ya makala ina wenye magari, ina wanaokusanya kodi vizuizini, ina wenye bunduki. Na ina wanunuzi: ni Bukavu yenyewe, tajiri na maskini.

Wapo watakaojibu: usalama kwanza. Ni kweli, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka kupeleka wanafunzi msituni risasi zikilia. Lakini vita havikuwapo kila mwaka, na hata miaka ya utulivu mlango ulikuwa wa mwenye dola. Wengine watasema watu wengi wataleta magonjwa kwa gorila. Hilo nalo ni kweli: gorila huambukizwa mafua ya binadamu, na wanaowatembelea lazima wawe wachache. Lakini njia ya kupanda Kahuzi au kupita kwenye mianzi si kitanda cha gorila. Njia inayotembewa na wenyeji ina macho mengi. Mkata miti hupenda msitu usio na mtu.

Basi mambo ya kudai yako wazi. Uamuzi wa 2024 utekelezwe, na Batwa wawe waongozaji na washauri kwa haki, si kwa huruma. Usalama utakaporudi, kila shule ya Bukavu, Kabare na Kalehe ipate siku yake mbugani, kwa bei ya franga ambayo mzazi anaiweza. Lwiro iingie katika safari hiyo hiyo: pale kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji, na makao ya sokwe walionyang'anywa wawindaji. Mtoto aone kwamba sayansi ilifanyika nyumbani kwao. Na wanaosaidia familia zilizohama wasilete unga na maharagwe bila kuuliza vitapikwa kwa moto gani. Miti ya kuni ipandwe nje ya mbuga, na mbabula zinazokula makala kidogo zigawiwe pamoja na chakula.

Mpaka wa mbuga ulichorwa bila kuwauliza waliokuwemo, na kwa zaidi ya miaka 50 umelindwa kwa bunduki. Miti inaendelea kuanguka. Kama bunduki peke yake ingetosha, Kahuzi-Biega isingekuwa kwenye orodha ya hatari tangu 1997. Wakati umefika wa kujaribu walinzi ambao hawajawahi kuitwa: wenyeji wenyewe.