Adui wa mbwa si nafaka, ni nafaka iliyooza

MWEZI uliopita nilisafiri hadi Malawi kumsalimu dada yangu, ambaye bado anaishi Dzaleka, wilayani Dowa. Kabla ya kupanda gari la kwenda kambini niliingia katika duka moja mjini Lilongwe kununua sukari na sabuni. Mbele yangu kwenye foleni alisimama bwana mmoja aliyebeba mfuko wa chakula cha mbwa, umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakina nafaka. Nilimwuliza, kwa Kichewa nilichojifunza shuleni, nafaka imekosa nini. Akanijibu kuwa mahindi yanaua mbwa.

Jibu hilo lilinichoma, maana nadhani mahindi ndiyo yaliyomuua mbwa wetu. Hata hivyo, bwana yule alikuwa amekosea.

Familia yetu ilifika Dzaleka mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mahali pale, palipowahi kuwa gereza la wafungwa wa siasa, kufanywa kambi ya wakimbizi. Tulikuwa na mbwa tuliyemwita Simba. Msimu mmoja wa mvua paa lilivuja na gunia letu la mahindi likalowa. Mama aliyaanika, kisha akayachagua. Meupe yakawa yetu. Yaliyoota ukungu wa kijani, pamoja na pumba ambazo Wamalawi huziita madeya, yakawa uji wa Simba. Baada ya siku chache mbwa alikataa kula, akatapika, macho yake yakageuka manjano, akafa.

Sisi watoto tulisema ametegewa sumu na jirani, mtu wa taifa jingine. Wazee nusura washikane mashati. Jirani yule hakutusalimu tena mpaka tulipohama. Hakuna hata mmoja wetu aliyelitazama gunia.

Simba hakupimwa na daktari wa mifugo, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini dalili zile ni za sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Sumu hii hushambulia ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye pumba na kiini, yaani mle mle tunamompikia mbwa.

Sasa turudi kwa bwana wa Lilongwe. Huko Marekani wenye mbwa wengi waliaminishwa kuwa nafaka haimfai mbwa. Viwanda vikaondoa mahindi, ngano na mchele, vikaweka njegere, dengu na viazi. Julai 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitangaza kuwa inachunguza taarifa za mbwa waliopatwa na ugonjwa wa moyo kutanuka. Katika ugonjwa huo misuli ya moyo hudhoofika, vyumba vyake hupanuka, na damu haisukumwi inavyopasa. Mbwa huchoka upesi, hukohoa, hupumua kwa shida, na wengine huzimia. Taarifa za mwaka 2019 zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyakula vilivyotajwa havikuwa na nafaka, na asilimia 93 vilikuwa na njegere au dengu.

Haki isemwe. Hadi Novemba 2022 taarifa za mbwa zilifikia 1,382, lakini FDA yenyewe ilieleza kuwa wingi wa taarifa hautoshi kuthibitisha chanzo. Tunachoweza kusema ni kwamba kuondoa nafaka hakukumhakikishia mbwa usalama. Tena, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha mwaka 2013 kuwa mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana maumbile ya kusaga wanga. Ameishi na wakulima muda mrefu kiasi hicho.

Je, mahindi hayana lawama? Yakioza, yanayo. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, huko huko Marekani, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha kiwandani chenye mahindi yaliyokuwa na sumukuvu. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama mfuko una nafaka au hauna. Swali ni kama kilichomo ni kizima, na kama kinamtosheleza mnyama.

Wasomaji wangu, hasa ninyi mnaovusha magunia mpakani, mtaniuliza mbwa anawahusu nini. Mwaka 1974 huko India, katika vijiji vya Gujarat na Rajasthan, mbwa walianza kuugua kwa mahindi yenye sumukuvu. Kisha wakafuata watu, na zaidi ya 100 walikufa. Mwaka 1981 wilayani Machakos, Kenya, wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zake, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Mbwa hana mlango wake wa chakula. Anakula kutoka gunia letu, ila yeye hupewa sehemu mbaya zaidi, na hupewa kwanza.

Hapa ndipo ninapotaka tuambiane ukweli. Tangu niliporudi nyumbani Rumonge kufundisha, nimeona sokoni mafungu mawili ya mahindi. La kwanza ni safi. La pili limebadilika rangi, bei yake ni nusu, na muuzaji husema, "Haya ni ya mbwa na kuku." Lakini wanaolinunua si wenye mbwa. Ni akina mama waliorudi kutoka uhamishoni, mavuno yao ya kwanza bado yako shambani. Nimewaona, na watoto wao ninawafundisha. Anayeuza anajua, anayenunua anajua, na neno "mbwa" linatumika kutuliza dhamiri.

Biashara nayo inaumia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwamo cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Wenye magari yaliyokwama mpakani wanajua hasara ile. Wa Manyovu na Mugina wasidhani hayawahusu.

Kinga haihitaji maabara ya bei kubwa. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka, usiyafunge. Gunia liinue juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyooza yafukiwe, yasiuzwe kwa jina lolote. Serikali nazo ziweke vipimo vya sumukuvu mipakani kwa ada ambayo mwenye magunia matano anaimudu, na pumba zipimwe kama unga unavyopimwa.

Na wewe mwenye mbwa, mpe uji wa unga safi, dagaa na mifupa isiyochongoka. Ukiwa na uwezo wa kununua mfuko dukani, tafuta maneno yanayosema ni chakula kamili, usibabaishwe na kile ambacho hakimo. Akikohoa na kuchoka, au macho yakigeuka manjano, mwite afisa mifugo.

Kabla ya kuondoka Dzaleka nilikwenda kuuliza habari za jirani yule. Nikaambiwa alishahama, hajulikani aliko. Nilikuwa nimebeba kilo mbili za sukari kwa ajili yake. Mbwa akifa nyumbani kwako, usikimbilie kwa jirani. Fungua gunia kwanza.