Deni la Mtoto Nalo Likatwe Kwenye Mshahara

Ukimaliza chuo kwa mkopo ukaajiriwa, Bodi ya Mikopo haikubembelezi. Mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi, hata hujaugusa. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) nayo ikikudai kodi, inaiandikia benki yako na fedha zinatoka. Hakuna anayekuita kwenye usuluhishi, wala anayekuuliza umejipangaje.

Lakini mdaiwa huyohuyo akiwa baba na akiacha kumhudumia mwanawe, serikali yenye mkono mrefu kiasi hicho inakunja mikono.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo. Ilifuta hata ile sheria ya zamani iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Tulichokosa ni ubavu wa kukusanya.

Tazama mlolongo wenyewe. Mama anaanzia ustawi wa jamii. Baba anaitwa, anaitikia kwa upole, anasaini makubaliano, analeta pesa miezi miwili, kisha simu yake haipatikani. Mama anakwenda mahakamani. Wito anakabidhiwa yeye mwenyewe, aupeleke kwa nauli yake. Amri ikitoka, anaambiwa baba asipolipa arudi kuomba ikaziwe. Arudi! Mtoto mgongoni, kibarua kimelala, anamfukuzia mtu ambaye mwajiri wake anajulikana, namba yake ya kitambulisho cha taifa inajulikana, akaunti yake inajulikana.

Aprili 2018, Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita ofisini kwake akina mama waliotelekezewa watoto. Walifurika kwa mamia. Wengine waliita siasa, wengine waliwacheka. Ile ilikuwa foleni ya wadai, na kamera zilipoondoka madeni yalibaki palepale.

Nitaambiwa wanaume wengi hawana ajira rasmi. Haya, tuanze na walionayo: askari, walimu, makarani, mameneja. Amri ya matunzo iende moja kwa moja kwa mwajiri, akate, apeleke. Mfanyabiashara afuatwe benki kama TRA inavyomfuata. Mkaidi aguswe panapouma: Uingereza mahakama inaweza kumnyang'anya leseni ya udereva, Marekani anayedaiwa zaidi ya dola 2,500 hapewi pasipoti. Asiye na kitu kweli hana cha kuogopa, maana sheria yetu inaitaka mahakama ipime kipato cha wazazi kabla ya kupanga kiwango.

Na kazi ya kukimbizana na mdaiwa isiwe ya mama. Iwe ya serikali, yenye wanasheria, madalali wa mahakama na kompyuta. Wabunge, leteni marekebisho hayo. Serikali inayomkata mhitimu ili ilipwe yenyewe haina uso wa kumwambia mtoto asubiri.