Mzee wa Kagera Siyo Chawa Wako

Kama ulikuwa na bando wiki hii, ile klipu umekutana nayo. Dakika moja na sekunde kadhaa. Mzee mmoja mstaafu, balaghashia kichwani, amekaa kibarazani kwake Tabata, anawanyooshea vijana kidole. Nyie hamjui vita. Mnachezea amani. Mngeona tuliyoyaona Kagera msingethubutu kupiga kelele barabarani.

Basi, klipu inakatikia hapo.

Staa mmoja mkubwa wa Bongo, yule ambaye tangu Oktoba 29 wafuasi wanamshuka kama abiria wa daladala iliyoharibika, akaidaka. Akaipandisha kwenye ukurasa wake na maneno matatu juu yake: "Sikilizeni wazee wenu." Na bendera ya taifa pembeni. Post iliyofuata, saa mbili baadaye, ikawa tangazo la kubeti.

Haya, mzee asikilizwe. Ila asikilizwe mpaka mwisho, maana video yenyewe ina dakika 14. Ilirekodiwa na mjukuu wake na ipo mpaka leo kwenye ukurasa wa dogo huyo, watazamaji hata elfu mbili hawajafika. Ile dakika moja imetazamwa na nusu ya mji.

Tuelewane kwanza, huyu mzee siyo mwanaharakati aliyefichwa. Ni mtu wa zamani kwelikweli. Kadi yake ya chama ameifunga kwenye nailoni isichakae. Hapendi rasta, hapendi suruali za kuchanika magotini, na kumwita kiongozi kwa jina lake tupu kwake ni matusi. Maandamano anayaona kama kumjibu baba yako mbele ya wageni. Hayo yote kayasema kwa mdomo wake, na hakuna haja ya kumpaka rangi nyingine ili apendwe na vijana.

Lakini ukishaivuka ile dakika moja, mzee anaanza kukumbuka. Na mtu akianza kukumbuka huwa hachagui.

Anakumbuka redio. Mwanzoni mwa Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yameshaingia, yameteka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera. Mwalimu anaongea na taifa: uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo, nia ipo. Mzee anasema mtaani kwao redio ilikuwa moja, watu wamejazana mpaka dirishani, na hakuna aliyetoka pale bila kujua nchi inakwenda wapi na kwa nini inakwenda. Anakumbuka treni mpaka Mwanza, halafu meli kuvuka ziwa mpaka Bukoba. Anakumbuka malori ya watu binafsi yaliyochukuliwa kubeba askari, na wakulima waliotoa ng'ombe wao jeshi lile. Anakumbuka matope. Matope anayazungumzia kuliko risasi, dakika nzima ni matope tu, jinsi buti linavyobaki chini mguu ukatoka peke yake. Anakumbuka mlio wa saba saba, ile mizinga ya roketi iliyowakimbiza askari wa Amin. Anamkumbuka jamaa yake waliyelala handaki moja, ambaye sasa yupo Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Hapo mzee ananyamaza, unasikia kuku tu.

Halafu anasema jambo ambalo staa wetu hakuliweka. Kwamba Mutukula ilipotekwa, Januari 1979, askari wenye hasira ya yale waliyoyaona Kagera waliibomoa na raia wakaumia. Habari zikamfikia Mwalimu, na amri ikatoka: raia asiguswe. Raia wa Uganda hao! Nchi iliyokuja kuchinja watu wetu. Mzee anairudia mara mbili, raia asiguswe, kwa sauti ileile ya kuwanyooshea vijana kidole.

Sasa wewe staa, hiyo sehemu uliiona ukaikata, au hukuwa na muda wa kufika huko? Oktoba 29 na siku zilizofuata mtandao ulizimwa nchi nzima, Dar es Salaam watu wakaamriwa kutotoka nje usiku, na kuna familia mpaka leo zinalia. Wewe ulikaa kimya, ukaja kutafuta mzee wa kukujibia.

Huo ndiyo uchawa wa kiwango cha chini kabisa, kuazima kidonda cha mtu kufunika aibu yako. Chawa wa kawaida angalau anasifia kwa mdomo wake mwenyewe.

Na mzee naye asiachwe hivi hivi kwa sababu ya mvi zake. Shikamoo yake anapewa, heshima yake anapewa, lakini hoja yake ya "hamjui vita" inavuja, na anayeitoboa ni yeye mwenyewe kwenye dakika ya sita. Anasema alipokwenda Kagera alikuwa na miaka 21. Ishirini na moja! Umri uleule wa binti anayeuza sabuni mtandaoni leo na kuambiwa siasa siyo ya watoto. Mwaka 1978 nchi haikumwona mtoto. Ilimpa bunduki, ikampandisha treni, ikamwambia kama ikibidi afe. Sasa kwa hesabu gani kijana wa miaka 21 ametosha kufa lakini hajatosha kuuliza kura yake imekwenda wapi?

Tena yeye na wenzake waliambiwa bei. Vita ilipoisha, Mwalimu alisema wafunge mkanda miezi 18. Miezi 18 ikapita, mkanda haukulegea. Mzee anasimulia foleni za sukari, sabuni na unga wa njano miaka ya themanini, na hapo hasira yake ni mbichi kuliko alipokuwa anamsimulia Amin. Anasema waliorudi wazima walirudi kwenye maduka matupu. Anasema pia habari za kiinua mgongo chake na ahadi alizopewa akisubiri, na anatukana kidogo. Mhafidhina huyo! Kumbe kulalamika anakujua, ila anaona ni haki ya wastaafu.

Yule wa kubeti hilo nalo kalikata.

Kuna kundi jingine la kuchapwa, wale wa kwenye komenti waliomcheka mzee meno, waliomwambia vita yake ilishapitwa na wakati, akalale. Wengi wao hawajui Kyaka ipo mkoa gani. Mnadai mnaijali nchi halafu mtu aliyelala kwenye matope yake mnamfanya stika ya WhatsApp? Mkimcheka mnamwachia staa yule faida yote. Yeye alitaka hasa iwe hivyo: vijana wamtukane mzee, kisha aseme unaona, hawana adabu hawa.

Njia ya kumjibu mzee ipo palepale kwenye video. Dakika ya kumi na moja mjukuu anamuuliza, kwa upole tu, "Babu, na nyie mngekataa kwenda ingekuwaje?" Mzee anacheka kwa mara ya kwanza. Anasema tusingekataa, tulikuwa tunaamini tunaambiwa ukweli. Dogo anauliza, na sisi? Mzee anaangalia barabarani. Anarekebisha kofia. Anasema chai imepoa, nenda kaniongezee.

Staa hajaifuta ile klipu. Mjukuu ameomba mara tatu kwenye komenti, kwa heshima, kaka naomba weka video yote au itoe, babu yangu hajakuruhusu. Amefungiwa. Mzee mwenyewe simu yake ni ya tochi, hajui kama uso wake uko juu ya tangazo la kubeti.