Yatuhusu Nini Reli Isiyofika Malindi?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Jumamosi iliyopita, katika darsa ya akina mama hapa Malindi, nilipokuwa nikieleza mlango wa amana nilitaja kwa kupita tu kwamba treni iendayo Nairobi ni katika mali za umma ambazo kila mmoja wetu ana haki ndani yake, na ana wajibu juu yake. Mama mmoja, mtu mzima mwenye heshima yake mtaani, akaniuliza kwa upole: "Sheikh wangu, reli yenyewe huku kwetu haifiki. Sisi watu wa Malindi yatuhusu nini?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini swali lile halikunitoka moyoni, na jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno. Leo nalijibu kwa ukamilifu, kwa idhini yake.

Ni kweli, mama zangu, reli haifiki Malindi. Mwenye safari hutoka hapa na mapema kwa matatu, akapita Gede, Kilifi na Mtwapa, akaikata Mombasa mpaka Miritini, kiasi cha kilomita 120 na zaidi, ndipo aione stesheni. Hata hivyo reli hiyo si ya wageni. Yapita ndani ya kaunti yetu ya Kilifi, na Mariakani ina stesheni yake. Na jambo lililo kubwa kuliko hilo ni kwamba sote tumekwisha ilipia nauli, hata yule ambaye hajawahi kuiona kwa macho.

Nitaeleza. Reli ya SGR ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na kesho yake, siku ya Madaraka, abiria wakaanza kupanda. Ndiyo sababu treni ikaitwa Madaraka Express. Urefu wake kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 472 hivi. Gharama yake ilikuwa takriban shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo ni mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Afristar, na mwaka 2021 Shirika la Reli la Kenya lilianza kuzichukua kazi zake kidogo kidogo. Sasa, deni hilo hulipwa na nani? Tangu mwaka 2013, karibu kila bidhaa iingiayo nchini kwa matumizi yetu hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa shilingi moja na nusu katika kila mia ya thamani ya bidhaa. Basi mjane aliyeko Marafa, ambaye safari yake ndefu kabisa ni ya kuja Malindi hospitalini, akinunua leso iliyotoka India au sufuria iliyotoka ng'ambo, ameichangia reli. Hakukatiwa tikiti, lakini nauli yake imeingia.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: yatuhusu kwa kuwa ni mali yetu na ni deni letu. Na mwenye mali ana haki ya kuuliza aliyekabidhiwa anaitunza vipi.

Siku hizi makampuni ya reli duniani huchapisha taarifa za kila mwaka, wakaeleza wamechoma mafuta kiasi gani, wamepanda miti mingapi, wamesaidia shule zipi. Ni jambo jema. Lakini sisi tuliosoma vyuoni tunayo mizani ya zamani kuliko taarifa hizo. Wanazuoni wetu wa fiqhi hutenganisha baina ya haki na sadaka. Mtu mwenye deni lililokwisha fika muda wake hasifiwi kwa kugawa sadaka sokoni ilhali mdai wake amesimama mlangoni. Atalipa kwanza, kisha atasadikisha. Mizani hii humpima mtu binafsi, na hulipima shirika vile vile. Kupanda mti ni sadaka njema, lakini mti hauondoi haki ya jirani. Basi na tutazame haki zenyewe ni zipi.

Haki ya kwanza ni ya ardhi na viumbe. Reli hii yapita katikati ya Tsavo, mbuga yenye ndovu wengi kuliko mbuga yoyote ya Kenya. Baadhi ya walioijenga reli ya zamani, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, waliliwa na simba pale pale Tsavo. Safari hii ikawa zamu ya mnyama kumwogopa binadamu. Tuta la reli ni kama ukuta. Ndovu aliyezoea kufuata njia ya mama yake kwenda majini hulikuta limemzuia. Wajenzi waliacha njia za kupita wanyama chini ya reli, wakainua madaraja mahali pengine, na watafiti wakawavisha baadhi ya ndovu mikanda ya kuwafuatilia ili wajue kama wanazitumia njia hizo. Wapo waliojifunza kuzitumia. Hilo ni jambo la kushukuriwa, na pia la kuendelea kuangaliwa, maana mnyama hana mdomo wa kushtaki.

Kuna na suala la hewa. Treni moja ya abiria hubeba watu zaidi ya elfu moja. Kuwasafirisha watu hao kwa barabara kungetaka mabasi zaidi ya ishirini, na sote twaijua barabara ya Mombasa na misiba yake. Hapo treni ina fadhila ya wazi. Lakini treni yetu bado hutumia dizeli. Jirani zetu wa Tanzania walianza mwaka 2024 kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma. Na mahujaji wetu tangu mwaka 2018 huenda baina ya Makka na Madina kwa treni ya Haramain, nayo ni ya umeme. Kenya si maskini wa umeme safi; sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kuuliza ni lini reli yetu itaingia katika neema hiyo si utundu. Ni swali la mwenye mali.

Haki ya pili ni ya jirani. Katika dini yetu jirani ana jambo zito. Reli mpya hukata njia za watu kwenda shambani na kisimani, hupita juu ya makaburi ya wazee, hubadilisha mkondo wa maji ya mvua. Aliyeondolewa ardhini ana haki ya kulipwa kwa ukamilifu na kwa wakati, si baada ya kuchoka kufuata ofisi. Na si ardhi pekee. Mwaka 2019, serikali ilipoamuru mizigo ya bandarini ipande treni hadi Nairobi, watu wa Mombasa waliandamana, na machungu yalifika mpaka Mariakani kwetu, mji ulioishi miaka mingi kwa malori yapitayo. Fikirini mama mwenye mkahawa wa chai na mahamri, mwenye kuuza mafuta ya breki, kijana wa kuziba pancha. Riziki zao zilikuwa katika magurudumu ya lori. Septemba 2022 Rais William Ruto, siku aliyoapishwa, aliagiza shughuli hizo zirejeshwe Mombasa. Simo katika ubishi wa siasa. Nasema tu kwamba kanuni ya fiqhi ni nyepesi kuikumbuka: manufaa ya wengi hayahalalishi kumdhuru mmoja bila kumfidia. Anayeleta chombo kipya awaulize kwanza wale waliokuwa wakila kwa chombo cha zamani.

Haki ya tatu ni ya watumishi na abiria. Hapa nina habari ya kuwafurahisha mabinti zetu. Treni ya kwanza iliyombeba Rais Uhuru Kenyatta ile 31 Mei 2017 iliendeshwa na wanawake wa Kikenya waliopata mafunzo China, mmoja wao akiwa Concilia Owire. Basi msichana wa Ganze au Magarini mwenye akili ya hesabu na fizikia asiambiwe kuwa mitambo si kazi yake, maadamu amehifadhi dini yake na heshima yake. Kwa upande mwingine, nauli ya daraja la kawaida ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwa familia ya watu sita hiyo ni tofauti ya shilingi 3,000 kwa kwenda tu. Chombo cha umma kisipomkumbuka mnyonge katika bei, chakaribia kuwa cha wenye nacho.

Ndugu zangu, haya si mageni kwetu. Mwaka 1900 Sultani Abdulhamid wa Pili alitangaza kujenga reli ya Hijaz kutoka Dameski kwenda Madina, kuwapunguzia mahujaji safari ya ngamia iliyokuwa ikichukua wiki nyingi. Michango ilitoka kwa Waislamu wa nchi mbalimbali, India na Misri miongoni mwao. Treni ikaingia Madina mwaka 1908, baada ya kilomita 1,300 hivi za jangwa. Miaka michache baadaye vita vikuu vikaivunja. Lakini fikra yake haikuvunjika: kwamba reli yaweza kuhesabiwa kama waqfu, mali ambayo hakuna mtu aimilikie nafsi yake, na kila anayeishika atasimama mbele ya Mola wake kuulizwa.

Sasa nageuka upande wetu, maana ni rahisi kumhesabia mwingine makosa. Mwaka jana nilisafiri kwa treni hiyo pamoja na ahali yangu na mjukuu wangu wa miaka minane. Tulipoingia Tsavo mtoto alibandika uso dirishani, akiwahesabu ndovu. Mimi nilikunywa maji, na chupa nikaisukuma chini ya kiti kwa mguu, kama mtu asiyefanya kitu. Tulipokaribia kushuka mtoto akaniuliza: "Babu, ile chupa umemwachia nani?" Sikuwa na jibu. Nikainama, kwa mgongo wangu huu, nikaitoa. Mimi ndiye ninayewasomesha watu kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani! Tangu Juni 2020 ni marufuku nchini kwetu kuingia na plastiki za kutumia mara moja katika mbuga na fukwe zilizohifadhiwa, nami nilikuwa katikati ya Tsavo nikificha yangu. Kampuni itakuwa na mapipa na wafagiaji, lakini haitakuwa na haya kwa niaba yangu.

Basi wenye nyumba wanaojiandaa kwa safari, hasa wakati wa likizo za shule, washike haya machache. Fungeni chakula cha watoto katika vyombo vya kurudi navyo nyumbani, na mchukue mfuko wa taka zenu wenyewe. Maji ya msalani yatumieni kwa kipimo. Israfu ni israfu hata pasipo wa kukuona, na nyuma yako wapo mamia wanaohitaji udhu. Wafundisheni watoto kumsalimu na kumshukuru anayefagia behewa. Huyo naye ni mtoto wa mtu. Na sala zisipotee. Kwa anayetoka Malindi, yeye ni msafiri tangu alipouacha mji wake. Akipanda treni ya saa tisa alasiri, na aswali Adhuhuri na Alasiri pamoja kwa kupunguza, rakaa mbili mbili, kabla ya kupanda. Na Magharibi aicheleweshe kwa nia, aiswali tatu pamoja na Isha mbili atakapofika. Mkaazi wa Mombasa hali yake ni nyingine, kwa kuwa pale stesheni huenda bado yumo mjini mwake. Na amuulize mwalimu wake.

Na yale ya kuuliza, tuyaulize kwa adabu na bila ya kuchoka. Wawakilishi wetu wa kaunti na bungeni wanapokuja kutuomba kura, waulizwe: ni vijana wangapi wa Kilifi walioajiriwa katika reli hii? Waliotolewa ardhini wote wamelipwa? Mama wa Mariakani ametengewa nafasi ya kuuza bidhaa zake pale stesheni? Akina mama mna nguvu katika hili kuliko mnavyodhani. Anayejua bei ya unga kwa shilingi ndiye anayefaa kuuliza bilioni zimekwenda wapi.

Mama yangu uliyeniuliza, Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa swali lako. Reli haifiki Malindi, lakini leso uliyojifunga siku ile ya darsa huenda imekwisha changia pau moja ya chuma chake. Yakuhusu sana.

Ewe Mola wetu, wahifadhi wasafiri wetu wa bara na bahari, wape waliokabidhiwa mali zetu moyo wa kuogopa hesabu, nasi utujaalie tusiwe wepesi wa kudai na wazito wa kutimiza. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.