Vishikwambi vya Shule na Suala la Viendeshi Huria

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu, zaidi ya 200,000, vigawiwe walimu. Walimu wa shule za umma za Mkoa wa Singida walikuwa miongoni mwa walengwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo, limebaki swali: vifaa hivyo vitafaa kwa miaka mingapi? Jibu halitegemei kioo na betri peke yake. Hutegemea pia programu ndogo iitwayo kiendeshi.

Ndani ya kila simu au kishikwambi mna chipu ya redio inayotuma na kupokea mawimbi ya Wi-Fi, aghalabu katika masafa ya gigahazi 2.4 au 5. Kiendeshi ni mkalimani baina ya chipu hiyo na mfumo wa uendeshaji: huiamuru iwake, ichague chaneli, itume data, ipumzike ili betri isiishe. Vifaa vya Android hutumia kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na ambacho msimbo wake u wazi kwa wote. Lakini mara nyingi mtengenezaji huandika kiendeshi cha redio kwa toleo moja tu la Linux, na pengine huuficha msimbo wake. Linux ikisonga mbele, mkalimani hubaki nyuma. Mtengenezaji akiacha kukihudumia kifaa, mianya ya usalama haizibwi tena, na anayejaribu kukiwekea mfumo mpya huikuta Wi-Fi imekufa ilhali chipu ni nzima.

Wako wanaodai kwamba mambo haya hayana budi kuwa siri. Historia inaonyesha vingine. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilitoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, kwa kuwa leseni ya Linux ilidai hivyo. Hapo ndipo ulipochipuka mradi wa OpenWrt mwaka 2004. Kiendeshi cha redio yake, chipu ya Broadcom, kilibaki siri. Wataalamu wa kujitolea wakagawana kazi: kundi moja lilichunguza mwenendo wa chipu za aina hiyo na kuandika maelezo, na jingine likaandika kiendeshi kipya kwa kufuata maelezo hayo tu. Mwaka 2006 kiendeshi hicho kiliingizwa katika Linux, na mwaka 2010 Broadcom yenyewe ikatoa kiendeshi huria cha baadhi ya chipu zake. Mradi wa postmarketOS, ulioanza mwaka 2017, unaendeleza juhudi kama hizo kwa simu kuukuu.

Wengine wanahofu kwamba msimbo ulio wazi utawawezesha watu kuvuruga mawimbi. Hofu hiyo ina msingi, ila Linux inayo orodha ya kanuni za masafa za nchi mbalimbali, Tanzania ikiwamo. Ni kweli pia kwamba programu ya ndani ya chipu bado hufungwa, na kuchunguza chipu moja huweza kuchukua miaka.

Ndiyo maana dawa haiko kwa wanaojitolea peke yao, bali kwa mnunuzi. Mtu anayenunua simu moja Singida mjini hawezi kumshurutisha mtengenezaji. Taifa linalonunua vifaa kwa malaki linaweza. Yafaa mikataba ya ununuzi idai kwamba msimbo wa viendeshi utolewe na kuingizwa katika Linux ya wote. Wataalamu wa kuutumia wanaweza kupatikana: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kilionyesha kwamba Watanzania wanaweza kuishika programu huria na kuifanya yao.

Shuleni nako kazi ipo. Mwanafunzi wa Iramba au Manyoni anayesoma mawimbi katika fizikia aweza, chini ya uangalizi wa mwalimu, kuiwekea simu kuukuu mfumo huria na kusoma taarifa za kiini zionyeshazo kama chipu ya redio imetambuliwa. Vijana wa namna hiyo ndio watakaovihudumia vishikwambi hivi mtengenezaji atakapokuwa ameviacha.